Farasi katika tiba kazi ya mtoto mwenye usonji: mwongozo kamili

Ukimwona mtoto juu ya farasi huku watu watatu wakitembea naye, huwezi kujua kwa macho kama hiyo ni tiba. Huenda ni matembezi ya Jumapili. Huenda ni mafunzo ya kupanda farasi yaliyorekebishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kama yanayoendeshwa Uingereza na chama cha Riding for the Disabled tangu 1969: hapo anayefundisha ni mwalimu wa farasi, na lengo ni mtoto ajue kupanda. Au huenda ni tiba kazi, ambapo anayeamua kila kitu ni mtaalamu wa tiba kazi mwenye leseni, na farasi ni kifaa chake cha kazi sawa na bembea au mpira mkubwa anaoutumia kliniki. Mwongozo huu ni wa hiyo ya tatu.

Tiba kazi huanza na swali: mtoto huyu anahitaji kufanya nini katika siku yake, na nini kinamkwamisha? Kuvaa, kula pamoja na wengine, kusubiri zamu, kuvumilia kunyolewa, kulala. Farasi akitangulia swali hilo, mzazi amelipia matembezi.

Tusidanganyane pia kuhusu ushahidi. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Colorado, Marekani, na matokeo yakachapishwa 2015. Watoto na vijana 127 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 16, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipanda farasi kwa wiki 10. Jingine lilijifunza mambo ya farasi bila farasi hai, likitumia farasi bandia mwenye ukubwa wa kweli. Waliopanda walipungua hasira na mhangaiko, wakaongeza mawasiliano na idadi ya maneno. Hilo ni jambo kubwa, ila yale yalikuwa mafunzo ya kupanda, hayakuwa tiba kazi. Tafiti za tiba kazi yenyewe ni chache na ndogo zaidi, ingawa zinaongezeka. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kina kituo cha kazi hiyo kilichopewa jina la Temple Grandin, mwanasayansi wa wanyama ambaye mwenyewe ana usonji. Hakuna popote palipoonekana kwamba farasi huondoa usonji. Anayekuahidi hivyo, mkimbie.

Hatua ya 1: Anza na mambo ya nyumbani

Kabla hujapiga simu kituo chochote, chukua daftari na kwa wiki moja andika mambo yanayokwamisha siku ya mtoto. Andika ulichokiona. "Asubuhi ni mkaidi" haimsaidii mtaalamu. "Kuvaa sare kunachukua dakika 40, anavua soksi kila akivalishwa, shati lisilo na lebo shingoni halikatai" kunamsaidia sana, kwa sababu hapo anaona ngozi inayohisi kupita kiasi, na ukaidi unatoka kwenye hesabu.

Kisha chagueni malengo mawili, yasizidi matatu. Kila lengo lipewe ngazi tano. Tuseme shida ni kukaa na familia wakati wa chakula. Hasi 2 ni hali ya leo: anakaa dakika 2 na kuondoka. Hasi 1 ni dakika 5. Sifuri, ambayo ndiyo matarajio yenu baada ya kipindi cha tiba, ni dakika 10. Chanya 1 ni dakika 15, na chanya 2 ni mlo mzima. Ngazi hizi ziandikwe kabla ya siku ya kwanza ya farasi na kila mtu asaini, maana baada ya miezi mitatu kumbukumbu ya mzazi aliyechoka, au ya mtaalamu mwenye matumaini, huanza kupamba.

Sasa muulize mtaalamu swali ambalo wengi hawaulizwi: farasi anaingiaje kwenye lengo hili? Jibu zuri lina mantiki unayoweza kuifuata. Kwa mfano: mtoto anaondoka mezani kwa sababu misuli ya kiwiliwili ni legevu na kukaa wima kunamchosha, mwendo wa farasi utaidai misuli hiyo kazi mfululizo bila kuonekana kama zoezi. Au: anaondoka kwa sababu mwili wake una njaa ya mwendo, na akipata mwendo wa kutosha kwa mpangilio, ataweza kutulia. Hoja ya pili inatokana na kazi ya Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani aliyeanzisha nadharia ya uunganishaji wa hisia, yaani jinsi ubongo unavyopanga taarifa zinazotoka mwilini na kwenye milango ya hisia. Jibu la "watoto wote wanapenda farasi" halitoshi.

Hatua ya 2: Pata ruhusa ya daktari

Barua ya daktari ni ya lazima, na iandikwe na anayemjua mtoto. Kifafa kisichodhibitiwa ni sababu ya kusubiri, na swali hili ni zito hapa kwa kuwa kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine. Mtoto ambaye pia ana sindromu ya Down achunguzwe shingo kwanza, kwani pingili mbili za juu huweza kuwa legevu na mtikisiko ukaumiza uti wa mgongo. Nyonga iliyoteguka, mgongo uliopinda sana na mzio mkali wa manyoya, vumbi au nyasi kavu navyo vinazuia. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapandi.

Upo uzito pia. Farasi asibebe zaidi ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, vifaa vikiwamo. Farasi wa kilo 400 mwisho wake ni kilo 80, na kwa mtoto anayeyumba ni busara kubaki chini zaidi. Kijana anayekua haraka anaweza kufika mpaka huo katikati ya tiba.

Mtoto anayepiga au kuuma wanyama asipelekwe bado. Mtoto mwoga, tofauti na wengi wanavyodhani, anaweza kwenda. Woga unashughulikiwa.

Hatua ya 3: Kagua kituo kabla ya kumpeleka mtoto

Nenda peke yako. Anza na karatasi: leseni ya tiba kazi ya mtu atakayemshughulikia mwanao, na uthibitisho kwamba amefunzwa kufanya kazi na farasi. Kenya ina sheria ya 2017 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni za taaluma hii, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Wataalamu wetu wengi hufunzwa katika chuo cha tiba cha KMTC upande wa Kenya na katika hospitali ya KCMC, Moshi, upande wa Tanzania, lakini mafunzo hayo peke yake hayamfanyi mtu ajue farasi. Walio Marekani watafute wenye mafunzo ya American Hippotherapy Association, chama kilichoanzishwa 1992, chenye msimamo kwamba farasi ni kifaa ndani ya tiba, wala si tiba inayojitegemea. Msimamo huo una faida ya vitendo: kampuni nyingi za bima huko hukataa kulipia "tiba ya farasi", kwa hiyo uliza mapema bili itaandikwaje.

Halafu mtazame saisi, yaani mtunza farasi. Hakuna anayemjua farasi kuliko yeye, na katika vituo vingi hakuna anayemuuliza kitu. Muulize wewe. Farasi huyu huogopa nini? Pikipiki, mwavuli, mfuko wa plastiki unaopeperuka? Leo ameshafanya kazi mara ngapi? Saisi akijibu bila kusita, na mtaalamu akimsikiliza, kituo hicho kina afya. Saisi akipewa amri tu kama mtu wa kushika kamba, ningeondoka.

Farasi mwenyewe awe aliyekomaa, mtulivu, asiyechechemea. Mtazame akitembea kutoka nyuma: nyonga zake zipande na kushuka sawasawa kushoto na kulia, kwa kuwa mwendo uliopinda utafundisha mwili wa mtoto kupinda. Farasi mfupi kiasi hurahisisha kazi ya wasaidizi, maana mikono yao inafika kiunoni kwa mtoto bila kunyooshwa. Masikio yaliyolazwa nyuma na mkia unaopigapiga wakati wa kutandikwa vinasema hataki kazi hiyo, hata kama mwenye kituo anacheka na kusema ndivyo alivyo.

Uwanja uwe na uzio, mchanga na lango linalofungwa, na pawe na jukwaa la kupandia ili mtoto asinyanyuliwe hewani. Helmeti ziwe za kupandia farasi. Ya baiskeli haifai, haikutengenezwa kwa anguko la aina hiyo. Na jambo moja halina mjadala: mtoto hafungwi kwenye farasi, kwa kamba wala kwa mkanda, kwa sababu yoyote. Farasi akianguka, mtoto lazima aweze kutoka.

Afrika Mashariki ina shida yake. Mbung'o na maradhi vimefanya farasi wawe wachache kwetu. Utawapata zaidi Nairobi na Laikipia, na maeneo ya Arusha na Moshi. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wanaouma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, unaweza kumuua farasi mzima katika siku chache. Ndiyo maana kituo kizuri huingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama na hakitakupa miadi ya jioni sana. Kwako wewe maana yake ni kwamba farasi anaweza kuugua au kupumzishwa ghafla, na kwa mtoto anayeshikilia utaratibu hilo ni pigo. Omba tangu mwanzo mtoto azoeshwe farasi wawili.

Hatua ya 4: Muandae mtoto nyumbani

Omba kituo kikupe picha za kweli: lango, farasi, saisi, mtaalamu, helmeti, jukwaa. Zipange kwa mfuatano na mzipitie kila siku kwa wiki nzima. Picha ya mwisho iwe ya kurudi nyumbani, maana watoto wengi hawaogopi kinachoanza, wanaogopa kutojua kitaisha lini.

Helmeti ndiyo itakayoharibu siku ya kwanza, si farasi. Azima moja. Siku ya kwanza ikae mezani, kesho aguse, kesho kutwa aivae kwa kuhesabu hadi 5 na kuivua, na hivyo hivyo hadi dakika 20. Kwa wasichana, angalia nywele: mafundo ya juu, shanga na rasta nene huifanya helmeti ielee na isilinde kitu. Mistari iliyolala kichwani inafaa. Hijabu iwe nyepesi, ya kubana, isiyo na pini.

Suruali ndefu, viatu vilivyofunika vidole. Farasi ana harufu, na samadi yake pia. Mtoto mwenye pua kali apelekwe kwanza asimame langoni tu kisha arudi.

Hatua ya 5: Wiki za kwanza chini, bila kupanda

Mzazi aliyelipa na kuendesha gari saa nzima hupenda kumwona mtoto juu. Subiri. Kazi ya chini ndiyo yenye tiba kazi nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kumpiga farasi brashi kunahitaji mkono uvuke katikati ya mwili, bega lifanye kazi, na nguvu ipimwe: ukisugua mno farasi anasogea, ukipapasa mno anatetemesha ngozi kama vile nzi ametua. Jibu linakuja papo hapo, bila maneno. Kubeba ndoo ya maji nusu ni kazi nzito ya misuli na viungo, aina ya kazi inayowatuliza watoto wengi. Kupanga brashi, kufungua kifungo cha kamba, kukata karoti, yote haya ni vidole na mpangilio wa hatua.

Kanuni za usalama zifundishwe kwa picha na kwa mwili: tunamkaribia farasi upande wa bega, hatupiti nyuma yake, karoti inakaa kwenye kiganja kilichonyooka. Mtoto anayekimbia ghafla awe na mtu wake mmoja asiyekuwa na kazi nyingine.

Hatua ya 6: Juu ya farasi

Timu kamili ni saisi mbele, wasaidizi wawili pembeni, na mtaalamu, ambaye anaweza kuwa mmoja wa hao wa pembeni. Mwenye kuongea na mtoto awe mmoja tu. Watu watatu wakisema "hongera, kaa vizuri, shika hapa" kwa pamoja, mtoto hasikii hata mmoja.

Mara nyingi hakuna tandiko. Pedi nene na mkanda wenye vishikio humpa mtoto joto na mwendo wa mgongo wa farasi moja kwa moja. Farasi hutembea tu, hakimbii. Katika kutembea, mgongo wake husukuma nyonga za aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, kwa mpangilio unaofanana na wa mtu anayetembea kwa miguu yake. Hatua ni karibu 100 kwa dakika. Dakika 15 ni hatua 1,500, na kwa kila moja mwili wa mtoto unajisawazisha.

Ustadi wa mtaalamu uko katika kubadilisha mwendo huo. Hatua ndefu za taratibu, kwenye mstari mnyoofu, mdundo usiobadilika: mwili uliohamaki unashuka. Hatua fupi za haraka, kona, kusimama na kuanza tena: mwili uliolala unaamka. Kwa hiyo mtoto aliyefika akipiga kelele na aliyefika akiwa mzito kama gunia hawafanyiwi jambo lile lile, hata kama lengo ni moja. Ukiona kila mtoto anazungushwa duara lile lile kwa muda ule ule, uliza.

Somo la dakika 45 laweza kwenda hivi. Dakika 10 za kwanza ratiba ya picha, brashi, helmeti. Kisha kupanda, na dakika 5 za mwendo tulivu bila kudaiwa chochote. Halafu kazi. Farasi anasimama, mtaalamu anangoja. Hasemi. Mtoto anapaswa kutoa ishara ya kuendelea: neno "twende", kugonga shingo ya farasi, kugusa picha kwenye ubao uliofungwa mkandani. Kungoja kuwe kwa kweli, hata sekunde 10, na wasaidizi wasimjibie. Akitoa ishara, farasi aondoke mara moja. Saisi akichelewa, somo limepotea. Hapa ndipo farasi anapoipita bembea, maana kusubiri na kuomba kunalipwa na mwili mzima kuanza kusogea.

Kazi nyingine huongezwa juu ya mwendo: kuchomeka vibanio vya nguo kwenye singa (nywele ndefu za shingo ya farasi), kutupa mpira kapuni, kuvaa na kuvua fulana kubwa juu ya helmeti farasi akiwa amesimama, kama lengo ni kuvaa. Kukaa kinyume, akiuelekea mkia na kuegemea mikono kwenye makalio ya farasi, hujenga mabega yanayohitajika kuandika, lakini si kwa kila mtoto na si wiki ya kwanza. Mtu mzima kupanda nyuma ya mtoto ni desturi ambayo vituo vingi vimeiacha. Ukiiona, omba sababu.

Dakika 15 hadi 25 juu zinatosha. Mwishoni mtoto ashuke, amshukuru farasi kwa njia anayoiweza, arudishe brashi, aondoe picha ya mwisho kwenye ratiba.

Jua dalili za kuzidiwa: kuziba masikio, kukaza mwili, ngozi kubadilika, kicheko kisichokoma, kuimba sentensi moja bila kupumua. Kwanza farasi asimame, kimya kitawale. Ikiendelea, mtoto ashushwe. Timu iwe imefanya mazoezi ya kushusha kwa dharura: msaidizi mmoja anamvuta mtoto kwake, saisi anapeleka farasi upande mwingine. Waombe wakuonyeshe, kwa mtu mzima au mdoli, kabla ya siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Beba kitu kimoja hadi nyumbani

Kila baada ya somo mtaalamu akupe kazi moja ndogo inayofanana na iliyofanyika uwanjani. Kama uwanjani ilikuwa "twende" baada ya kungoja, nyumbani iwe kabla ya kusukumwa bembea au kabla ya kumwagiwa maji ya kuoga. Kama ndoo ndiyo iliyomtuliza, abebe dumu la lita 3 kutoka bombani kabla ya chakula. Bibi, dada wa kazi na mwalimu waelezwe, la sivyo mtoto ataomba vizuri kwa farasi na kulia kwa watu.

Hatua ya 8: Pima, kisha amua

Baada ya masomo 10 hadi 12 rudini kwenye zile ngazi tano. Tazameni meza ya chakula, msitazame video za uwanjani. Lengo limefika sifuri au zaidi: wekeni jipya au malizeni. Limesogea hatua moja: ongezeni kipindi kimoja, na mtaalamu aseme atakachobadilisha. Halijasogea kabisa, ingawa mtoto anafurahia: hiyo ni burudani nzuri, na inaweza kuendelea kwa bei ya burudani. Pesa za tiba zihamie kwingine.

Wiki mbili kabla ya kumaliza, ziwekwe picha za kuaga.

Kama farasi hayupo karibu

Wengi wanaosoma haya hawana kituo ndani ya kilomita 300. Usihamishe familia. Punda hafai kuchukua nafasi ya mwendo wa farasi bila mtaalamu na bila kujua uzito anaoweza kubeba, lakini kazi zote za hatua ya 5 zinawezekana kwa punda mpole mwenye afya, na pwani ya Lamu haikosi punda wala watu wanaowajua; taasisi ya Donkey Sanctuary imekuwa na kliniki yao huko tangu 1987. Punda asiwe na vidonda vya mgongo, kwato zikatwe vizuri, na mwenye punda alipwe muda wake. Mbuzi na kuku nao wanalishwa kwa zamu na kwa ratiba ya picha. Mwendo wa kutuliza mtaalamu wa hospitali ya mkoa anaweza kuupanga kwa bembea ya gunia chini ya mwembe, akieleza kasi, muda na ishara ya kusimama. Mpelekee daftari lile la wiki moja, na ngazi tano zikiwa zimeshaandikwa.